Kabla hujatia saini, tazama kila “by”

Karatasi nyingi zinazomfikia msemaji wa Kiswahili hapa Uganda huja kwa Kiingereza: makubaliano ya ploti, fomu ya mkopo wa SACCO, barua ya mwenye nyumba, tangazo la kodi. Maneno marefu yakimtatiza msomaji, huuliza. “By” haliulizwi, kwa kuwa kila aliyepita darasani anajiona analijua: ni “na”, au “kwa”, basi. Kumbe ndilo neno linalobeba tarehe, kipimo na kiasi cha pesa katika karatasi hizo hizo. Usilitafsiri kabla hujaona kinachokuja baada yake. Likifuatwa na siku lina kazi moja, likifuatwa na mtu lina nyingine, likikaa kati ya namba mbili lina nyingine tena.

Tuanze na siku, maana hapo ndipo faini zinapotoka. “Pay by Friday” ina maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Ukilipa Jumatano umetimiza, ukilipa Ijumaa yenyewe umetimiza, Jumamosi umechelewa. “Before Friday” ni kali zaidi, kwani Ijumaa haimo na mwisho wako ni Alhamisi. Ritani, yaani fomu za kutangaza kodi za kila mwezi, za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na za PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) huwasilishwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, “by the 15th” ya mwezi unaofuata, kwa hiyo tarehe 15 bado ni yako, ingawa kungoja saa za mwisho ni kujitakia shida ya mtandao.

Kosa kubwa hapa linatokana na “mpaka” na “hadi”. Kiswahili hutumia maneno hayo pale Kiingereza kinapotenganisha “by” na “until”. “Until” ni ya jambo linaloendelea bila kukatika: “The office is open until Friday”, ofisi itakuwa wazi siku zote hizo. “By” ni ya tendo linalokamilika mara moja: “Return the form by Friday”, fomu irudi, siku ya mwisho Ijumaa. Ukiandika “I will bring the money until Friday”, msomaji haelewi kama utaleta mara moja au utakuwa unaleta kidogo kidogo kila siku. Jiulize kama kitendo kinaisha mara moja au kinaendelea. Kulipa, kurudisha, kufika na kuwasilisha huchukua “by”. Kungoja, kukaa, kuuza na kubaki wazi huchukua “until”. Na ukitafsiri kwenda Kiswahili, epuka “lipa hadi Ijumaa”. Andika “lipa si zaidi ya Ijumaa”, au “mwisho wa kulipa ni Ijumaa”.

Saa nazo zina mtego wake. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo, na Kiganda vilevile, kwa hiyo ujumbe usemao “be here by 3” humfikisha mmoja saa tatu asubuhi na mwingine saa tisa alasiri. Ukiandika kwa Kiingereza weka “am” au “pm” kila mara. Ukiandika kwa Kiswahili weka asubuhi, alasiri au usiku. Katika makubaliano ya pesa, taja siku, tarehe na saa pamoja.

Kwa mambo yaliyopita, “by” hufunga kipindi bila kutaja siku ya tukio. “By 1962 the railway had reached Kasese” ni sentensi sahihi, lakini reli ilifika Kasese mwaka 1956. Inachosema ni kwamba kufikia 1962 reli ilikuwa imeshafika. Mwanafunzi anayejibu mtihani kwamba ilifika 1962 ameikosea “by”, wala si historia. “Kufikia” ndiyo tafsiri yake hapo.

Sasa pesa. Tofauti ya “by” na “to” ni herufi mbili tu, lakini inaweza kula mshahara. Chukua kodi ya duka ya shilingi 400,000 kwa mwezi. “Increased by 50,000” inakupeleka 450,000. “Increased to 450,000” inakufikisha hapo hapo, ila imetaja kituo badala ya hatua. Hatari inakuja kwenye asilimia: “reduced by 20%” inakuachia 320,000 za kulipa, “reduced to 20%” inakuachia 80,000. Kwa Kiswahili “by” ni “kwa” na “to” ni “hadi”, na ni vizuri kuyashikilia hayo mawili bila kuyabadilisha.

Riba inahitaji macho zaidi. Mkopo wa milioni 5 kwa riba ya 10% kwa mwaka unadai 500,000. Barua ikisema riba imepanda “by 2 percentage points”, sasa ni 12%, yaani 600,000. Ikisema imepanda “by 2%”, kwa hesabu kali ni asilimia 2 ya ile 10, yaani 10.2%, na riba ni 510,000. Wengi huandika ya pili wakikusudia ya kwanza. Shilingi 90,000 zinasimama juu ya neno “points” lililoachwa, kwa hiyo omba waandike riba mpya yenyewe: “from 10% to 12%”. Hilo halina mjadala.

Kati ya namba mbili, “by” ni kipimo cha pande mbili, na hakuna Mganda asiyelijua hilo kwa sababu ya ploti ya “50 by 100”. Maana yake ni futi 50 kwa futi 100, eneo la futi za mraba 5,000. Kwa mita ni takriban 15.24 kwa 30.48, sawa na mita za mraba 464 na nusu hivi. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, na desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari, kwa hiyo ploti hiyo ni kama desimali 11 na nusu. Ukiambiwa “50 by 100” na karatasi inasema desimali 10, kuna futi za mraba 644 ambazo huzioni. Uliza zimeenda wapi, mara nyingi ni njia ya kupitia.

Neno lenyewe halisemi vitu vitatu ambavyo lazima viandikwe. Halisemi kizio: mita 50 kwa mita 100 ni zaidi ya mara kumi ya ukubwa wa futi hizo hizo. Halisemi upande upi unatazama barabara. Wala halisemi kwamba kona ni za mraba, na hapa ndipo watu wanapunjwa. Ploti iliyolala upande, kama mlango uliolegea bawaba, inaweza kuwa na pande za 50 na 100 kamili na bado eneo likapungua. Vuta kamba kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa kukingamana. Kona zikiwa sawa, kila kipimo kitakuwa karibu futi 111 na inchi 10. Vipimo viwili vikitofautiana, ploti imepinda. Pima kwa tepu, maana hatua za mguu wa muuzaji si futi.

Mbao ni hivyo hivyo: “4 by 2” ni inchi za upana na unene, urefu haumo na unatajwa peke yake. Kwenye hesabu za shule, “divide 600 by 12” ni 600 gawanya kwa 12, jibu 50. Namba inayofuata “by” ndiyo inayogawa.

Likija jina la mtu, “by” ni “na” ya mtendaji: “signed by the chairman”, imetiwa saini na mwenyekiti. Kwa kuwa “na” yetu pia ni ya kuandamana, wapo wanaoandika “signed with the chairman”, na hapo inasomeka kwamba wewe na mwenyekiti mmetia saini pamoja. Chombo nacho huchukua “with”: “cut by the neighbour with a panga”. Soma basi kifungu hiki: “The balance shall be paid by the buyer by 30 June by bank transfer.” “By” tatu, kazi tatu: mtu, siku, njia. Kwa Kiswahili kizuri zote tatu hubadilika: “Mnunuzi atalipa salio kupitia benki, na mwisho ni tarehe 30 Juni.” Anayekutafsiria akiweka “na… na… kwa” kwa mfuatano, tafuta mwingine.

Kwenye usafiri, nomino hukaa tupu: “by bus”, “by boda”. Ukitaja chombo cha mtu, “by” huondoka: “on my boda”, “in his car”. Kwa miguu ni “on foot”. Kwa kipimo cha kuuzia, “the” hurudi: “by the kilo”, “paid by the day”. Mahali, “by the lake” ni kando ya ziwa, karibu zaidi kuliko “near”. Na mtu akikuambia “I'll pass by”, hapa kwetu anaahidi kukupitia, kwa hiyo weka chai. Kuandika “I want to by land” ni kosa la sikio, kwani kununua ni “buy”. Ile “bye” ya kuagana haihusiani na yoyote kati ya hizi, ilifupishwa kutoka maneno ya kumwombea mtu Mungu awe naye.

Zimebaki zile zinazoshikamana na neno jingine. Katika “by-election” na “bypass”, “by” ni ya pembeni: uchaguzi mdogo nje ya ule mkuu, barabara inayouzunguka mji badala ya kuupenya, kama Northern Bypass ya Kampala kutoka Bweyogerere hadi Busega. “Bye-law” haimo kundini. Asili yake inaaminika kuwa neno la kale la watu wa Skandinavia lenye maana ya kijiji au mji, yaani sheria ya mahali. Kwa Uganda, wilaya hutunga “ordinances”, na mabaraza ya ngazi za chini hutunga “bye-laws”. Ukiitafsiri “sheria ya pembeni”, msomaji ataidharau, ilhali inaweza kumtoza faini. Iandike “sheria ndogo”, na utaje baraza lililoitunga.