Wasomaji Wanauliza: Kusomea Unasihi Ukiwa Kazini

Swali: Habari za kazi, wahariri. Mimi ni afisa ustawi wa jamii wilayani Chamwino, nina shahada ya kwanza ya sosiolojia. Nataka kusoma uzamili wa unasihi (ushauri nasaha) bila kuacha kazi. Wenzangu wawili walianza wakaishia njiani. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, walioishia njiani mara nyingi hawakukwama darasani, walikwama kwenye mafunzo kwa vitendo. Anzia huko, kabla hata ya kulipa ada ya maombi. Kiulize chuo kwa maandishi: zinatakiwa saa ngapi za kukaa na wateja ana kwa ana? Nani atakusimamia, naye ni mnasihi au ni mhadhiri tu aliyepangiwa wanafunzi? Mtakutana kila baada ya muda gani? Ukijibiwa “utaelekezwa ukishasajiliwa”, tafuta chuo kingine.

Taratibu za kuingia hazina ugumu. Hakikisha programu yenyewe, si chuo peke yake, inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kwa shahada ya uzamili hutakiwa ufaulu wa wastani (GPA) wa 2.7 au zaidi katika shahada ya kwanza; aliye chini ya hapo hupitia stashahada ya uzamili. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo ipitie kwa mkuu wako wa idara, na itaje siku za vitendo, maana wengi huomba ruhusa ya mitihani tu. Madarasa ya Dar es Salaam ya mwisho wa wiki nayo si ndoto tena tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ila piga hesabu ya nauli ya kipindi chote cha masomo, si ya wiki moja.

Sasa hesabu ya vitendo. Tuseme chuo kinataka saa 100. Ukipanga wateja wanne kwa wiki, kwenye karatasi ni wiki 25. Lakini wanne waliopangwa huwa wawili au watatu waliofika, hivyo wiki 25 zinakuwa 40. Katika mkoa wetu wa Dodoma kuna jambo la ziada: mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mteja wa kijijini hawezi kuacha palizi aje kuzungumza kwa dakika 50. Anza vitendo Mei, shamba likiwa limetulia.

Usiwatumie wateja wa ofisi yako. Wewe ndiye unayeandika taarifa ya ustawi wa mtoto inayokwenda mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mama anayejua hivyo hatakueleza kwamba jana alimchapa mwanawe kupita kiasi. Atakueleza yanayofaa kuandikwa. Omba nafasi kwingine, kwenye kituo cha afya au shule ya sekondari ambako huna faili la mtu, na uombe miezi mitatu kabla.

Swali: Mimi ni muuguzi, Mpwapwa. Nimeanza masomo, na msimamizi ananiambia kila mara kwamba “nahoji”. Sioni kosa langu.

Jibu: Dada (au kaka, hukutaja), kosa hilo ni la kazi yako ya kila siku. Wodini maswali mafupi ya haraka huokoa maisha. Kwenye unasihi huufunga mdomo wa mteja. Mama akisema, “Tangu mume wangu aende mgodini sina usingizi,” muuguzi huuliza: ana muda gani, anatuma fedha, mna watoto wangapi? Mama anajibu yote matatu, na usingizi umeshasahaulika. Jaribu kumrudishia alichosema: “Usiku ndio unakuwa mgumu.” Kisha nyamaza. Sekunde kumi za ukimya zinatosha, hata kama zitakuwa ndefu kwako.

Jipime hivi: chukua dakika kumi za kikao kilichorekodiwa, uhesabu maswali yako upande mmoja, na mara ulizomrudishia mteja maneno au hisia zake upande wa pili. Maswali yakizidi, usiongeze mbinu mpya. Punguza maswali.

Swali: Naruhusiwa kurekodi kikao kwa simu? Wateja wangu wengi huzungumza Kigogo.

Jibu: Ndiyo, kwa ridhaa ya maandishi inayotaja nani atasikiliza na sauti itafutwa lini. Asiyesoma asomewe kwa lugha yake, kisha aweke dole gumba. Kwa mtoto, mlezi aridhie na mtoto mwenyewe akubali. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo zima uhifadhi wa mtandaoni kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Simu nyingi hupandisha mafaili zenyewe bila kukuuliza.

Kikao cha Kigogo kiandikwe kwa Kigogo neno kwa neno, Kiswahili kikiwa safu ya pembeni. Ukimpelekea msimamizi Kiswahili peke yake, atasahihisha tafsiri yako badala ya unasihi wako. Dakika kumi za sauti zinaweza kula saa mbili za kuandika, basi chagua kipande kilichokushinda, si kile kilichokwenda vizuri. Ukihitaji mkalimani, asiwe jirani wala ndugu wa mteja, naye asaini kutunza siri. Sauti ifutwe mara tu alama zinapotoka, kwenye simu na kwenye barua pepe uliyoitumia.