Namshukuru Mungu, mbona najiona mdaiwa?

*Shangazi, niliugua sana, nikapona. Tangu hapo niko kwaya, usafi wa kanisa, mkesha na kutembelea wagonjwa. Nimechoka, ila nikikosa siku moja naogopa ugonjwa utarudi. Je, sina shukrani? – Mdaiwa*

Mwanangu, shukrani unayo tele. Kinachokuchosha ni hofu.

Swali lako limo katika Zaburi ya 116, mstari wa 12: "Nimrudishie BWANA nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?" Shuka mstari wa 13: "Nitakipokea kikombe cha wokovu." Umeona? Anauliza arudishe nini, anajibu kwamba atapokea! Nadhiri zinafuata mstari wa 14. Kwa hiyo, kama uliweka nadhiri ukiwa kitandani, itimize kwa kipimo kilekile ulichoahidi, usiiongezee. Na wale wakoma 10 wa Luka 17, mmoja tu alirudi kushukuru. Yesu aliwaulizia wale tisa, lakini hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Huyo aliyerudi naye hakupangiwa zamu, aliambiwa, "Inuka, enenda zako."

Sasa chukua karatasi, uorodheshe huduma zako zote. Mbele ya kila moja malizia maneno haya: "Nikiiacha hii..." Palipoandikwa "nitaikumbuka sana", endelea nayo. Palipoandikwa "nitaugua tena", anza kupumzika hapo, huduma moja kwanza. Usitoroke kimyakimya. Mwambie kiongozi wako: "Naomba kupumzika zamu ya usafi kwa wiki 4." Ishia hapo. Ukianza kujieleza sana utabembelezwa, na wewe kukataa hujazoea.

Zamu ya kwanza utakayokosa, hofu itapanda kuliko sasa. Wengi hurudi nyuma hapo, au hufidia kwa kufunga. Usifidie. Kaa chini utoe shukrani moja ya jambo la siku hiyo hasa: "Asante, nimepanda ngazi bila kusimama." Ukisahau siku, usilimbikize za jana, maana utakuwa umejitungia deni jingine. Na siku moyo ukiwa mzito, usijilazimishe kutabasamu, omba Zaburi ya 13, inayoanza kwa kulalamika, "hata lini?"

Ukikosa mkesha, ugonjwa haurudi kwa sababu hiyo. Lakini kama daktari bado anakufuatilia, dawa zake na tarehe za kliniki usizikose, hata zikiangukia siku ya mazoezi ya kwaya.