Re: Nimeshindwa kutenganisha vifaranga kwa doa la kichwani

Habari mkuu. Umesema jogoo wa Plymouth Rock mwenye mistari umempandisha kwa mitetea ya Rhode Island Red na vifaranga wote wana doa jeupe utosini, huwezi kujua dume na jike. Hapo umegeuza wazazi. Jeni ya mistari, ndiyo inayoleta hilo doa, iko kwenye kromosomu Z (moja ya zile zinazoamua jinsia ya kuku), na kuku jike ana Z moja tu ambayo anawapa watoto madume, majike wanachukua ya baba, kwa hiyo mistari iwe kwa mama na baba awe mwekundu. Mimi nilipobadilisha hivyo wenye doa wakawa majogoo, utosi mweusi mtupu mitetea. Ila angalia wakishakauka, manyoya mabichi yanaficha doa. Na usipandishe hao watoto wao kwa wao ukitegemea alama ileile, inavurugika.