Kabla hujafungua kitabu cha sheria, kaa na mwenye punda

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mifugo kwenye kata za mpakani, somo hili nililipata kwa gharama ya punda ambaye ningeweza kumwokoa, ndiyo maana naliandika.

Nilipoajiriwa nilikuwa na Sheria yetu ya Tanzania ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 kichwani kama sala. Ni sheria nzuri, na inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga majirani zetu wa Kenya wana Sura ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama iliyokuwapo kabla ya uhuru wao, nayo inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumzidishia mzigo na kumtesa. Zisome zote mbili, kwa sababu punda anayeibwa hachagui upande wa mpaka.

Basi siku moja mnadani mfanyabiashara alinijia na karatasi: punda 22, anaomba kibali cha kusafirisha. Nilikuwa juu ya pikipiki, jua kali, nina safari nyingine. Nikasaini juu ya tangi la mafuta bila hata kushuka.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu, lori limeharibika njiani. Punda wale hawakuwa wamepewa jani wala tone la maji tangu wapakiwe. Nilitarajia kelele, nikakuta kimya. Mbuzi akiumia atalia mpaka kijiji kizima kijue, lakini punda husimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, hata nzi jichoni hamfukuzi. Ukimwona hivyo usiseme ametulia. Daktari wa mifugo alimtoa damu jike mmoja, akaiacha itulie kwenye kichupa cha kioo, kisha akakiinua juani. Maji ya juu ya damu, ambayo hutakiwa kuwa maangavu, yalikuwa meupe kama maziwa. Akanieleza kwamba punda akikaa na njaa, mwili wake huyeyusha mafuta na kuyajaza kwenye damu mpaka ini linashindwa, na wenye mimba ndio hupatwa haraka zaidi. Jike yule alikuwa na mimba. Alikufa asubuhi yake.

Kwa hiyo shuka. Hesabu mwenyewe, pitisha mkono chini ya tumbo, angalia kwato, angalia vidonda vya hatamu na vya mkokoteni. Waulize wapakiaji ni punda gani wanatembea wawiliwawili, maana punda hushikamana na mwenzake, na ukiwatenganisha anayebaki anaweza kugoma kula. Hayo yote ni kazi ya nusu saa.

Sasa biashara yenyewe, ya ngozi za punda. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gelatini ya kutengenezea ejiao, dawa ya kale ya Kichina inayoaminiwa kuongeza damu na kulinda urembo. Punda wa China walipopungua, wanunuzi walikuja Afrika. Kenya ilipata vichinjio vinne vya punda, na kati ya 2016 na 2018 walichinjwa zaidi ya punda 300,000. Fikiria hesabu hiyo mbele ya jike anayebeba mimba karibu mwaka mzima ili azae mtoto mmoja. Hakuna mfugo unaoweza kuhimili hivyo. Mwizi naye akagundua kwamba ngozi ina bei kuliko mnyama mzima, watu wakawa wanaamka asubuhi na kukuta mzoga uliochunwa korongoni, nyama imeachwa.

Februari 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaibatilisha amri. Wengi tulilia, lakini mimi nilijifunza kuandika ripoti zangu kana kwamba wakili wa upande wa pili ameshaketi mezani kwangu. Baada ya mkutano wa Dar es Salaam wa Desemba 2022, suala lilifika kwa wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika, nao Februari 2024 huko Addis Ababa wakaridhia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ni azimio kubwa. Ila ukimkamata mtu barabarani, shtaka lako lazima lisimame juu ya sheria ya nchi yako.

Waingereza walipitia njia inayofanana na hii. Mwaka 2000 Bunge lao lilipitisha sheria ya kukataza Uingereza na Wales kufuga wanyama kwa ajili ya manyoya, kwa hoja ya maadili ya umma. Lakini manyoya kutoka nje yaliendelea kuuzwa madukani. Waliutoa ukatili uani, mlango wa mbele ukabaki wazi. Nasi tukifunga vichinjio bila kukagua magunia, ni yale yale. Karatasi ikisema ngozi za ng'ombe, usiishie kwenye karatasi. Kunjua ngozi, kung'uta chumvi, tafuta mstari mweusi unaoshuka mgongoni na mwingine unaoukata mabegani. Msalaba huo ng'ombe hana.

Tuna msemo tumeurithi, punda afe mzigo wa bwana ufike. Mimi naukataa hadharani, hata mikutanoni. Bwana wa mzigo ninayemfahamu ni mama anayeteka maji kilomita nyingi kwa madumu manne ya lita 20, na punda akifa, madumu yanahamia mgongoni mwake na mwa binti yake, ambaye ataacha shule.

Mama wa namna hiyo aliitwa kituoni punda walipokamatwa. Askari alimtaka uthibitisho wa umiliki, hana karatasi wala picha. Nilimwomba askari asimwonyeshe punda kwanza, bali aandike anachosema. Mama akasema: sikio la kulia limechanwa na waya, chini ya goti la kushoto pana kovu la moto, tena ukimwita haji, anageuza masikio tu. Yakaandikwa yote, akasaini kwa dole gumba. Tukaenda nyuma ya kituo walikofungwa. Akaita mara moja, na kati ya wote mmoja akageuza masikio. Sikio la kulia lilikuwa limechanwa. Askari akachuchumaa kutazama goti.