Mpira wa hoki ukipaa, mwamuzi apulize lini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo huku Kisauni. Nimezoea kuchezesha soka, lakini muhula huu nimetwikwa mechi za hoki za watoto wa chini ya miaka 14. Kinachonishinda ni mpira wa juu. Ukipaa kidogo tu, nusu ya uwanja wananyoosha mikono, makocha wanapiga kelele "hatari!", nami nimebaki na kipenga mdomoni. Juzi mpira ulimpiga beki kwenye paja wakati wa kona fupi, ile adhabu ya mpira kuingizwa kutoka mstari wa mwisho karibu na goli. Nikatoa kona nyingine, nikaambiwa nimekosea. Je, nilikosea kweli? Na nisimame wapi ili nione vizuri?

JIBU: Mwalimu, umetaja mpira ulipompiga lakini hukutaja beki alikuwa umbali gani, na uamuzi unategemea yote mawili. Beki akilikimbilia shuti la kwanza la kona fupi, akawa ndani ya mita 5 kutoka kwa mpigaji, akapigwa gotini au juu ya goti akiwa amesimama kawaida, mwenye kosa ni mpigaji. Shuti hilo ni la hatari, na pigo huru ni la mabeki. Akipigwa chini ya goti katika umbali huohuo, ni kona nyingine. Kwa hiyo kama beki wako alikuwa karibu, wenye makelele walikuwa na haki. Kama alikuwa mbali zaidi ya mita 5, na shuti halikuwa la kumtisha mtu, kona uliyotoa ilikuwa sawa. Na lau mpira huo ulikuwa unaingia golini akauzuia kwa mwili, ingekuwa penalti kabisa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na watoto huujua upesi. Ni yule beki anayelikimbilia shuti kifua mbele, gongo linaning'inia pembeni, hana nia ya kuucheza mpira. Huyo huadhibiwa yeye, hata mpira ukimpata tumboni. Ili kuwatofautisha, tazama gongo wala si mwili. Likiwa chini mbele ya miguu, mtoto anacheza. Likiwa pembeni, anajitoa mhanga, na mara nyingi ni kwa sababu alisifiwa mazoezini alipofanya hivyo. Waambie manahodha wote wawili kabla ya mechi kwamba utalipulizia jambo hilo, na makocha wawe wanasikia.

Sasa mpira wa juu kwa jumla. Kupaa kwenyewe si kosa, na hilo ndilo wanaonyoosha mikono hawalijui. Kanuni huangalia kwanza umeinuliwaje. Mpira uliopigwa kwa kubembea gongo, ukainuliwa makusudi, ni kosa popote uwanjani hata kama hakuna mtu jirani, isipokuwa ukiwa ni shuti la golini kutoka ndani ya dii, ile nusu duara iliyo mbele ya goli. Mpira wa fliki au wa kuchota, yaani unaosukumwa au kuchotwa kwa gongo bila kubembea, unaruhusiwa kuinuliwa, mradi usimwelekee mpinzani aliye ndani ya mita 5. Na mpira ulioruka bila mtu kukusudia si kosa mpaka uwe hatari. Hapo ndipo viwanja vyetu vinapomtia mwamuzi kwenye mtihani. Juu ya nyasi bandia mpira hutambaa. Juu ya murram yenye kokoto, au nyasi zilizoota vishungi baada ya masika, mpira uliosukumwa vizuri kabisa hugonga kijiwe ukapanda hadi kiunoni. Ukipuliza kila unaporuka, mechi haitachezeka.

Kinachobaki ni kipimo cha hatari, nacho ni kimoja: je, kuna aliyelazimika kukwepa kwa haki? Mtoto akigeuza uso, akiinamisha kichwa au akirudi nyuma kujinusuru, kosa limeshatimia hata kama mpira haukumgusa. Puliza hapohapo. Ngoja-ngoja uliyoizoea kwenye soka, ya kumpa mshambuliaji sekunde mbili uone kama anafaidika, ni nzuri kwa makosa ya mguu (mpira kumgusa mchezaji mguuni) na ya kuzuiana. Kwenye hatari, hasa kwa watoto, haina nafasi. Kwa umri huu mimi hushauri hata ile mita 5 ipimwe kwa ukarimu. Mtoto wa miaka 12 aliye mita 6 hana wepesi wa mkono wa mtu mzima, na mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe, gramu 156 hadi 163.

Pigo huru huwekwa pale kitendo cha hatari kilipofanyika. Kwa kawaida ni palipopigwa mpira, wala si ulipoangukia. Waamuzi wengi wapya hukosea hapo, wakatoa kona fupi kwa sababu tu mtoto ameumia ndani ya dii, kumbe aliyeinua ni mshambuliaji.

Mpira unaoanguka kutoka juu una utaratibu wake. Aliyefika wa kwanza chini yake ana haki ya kuupokea, na wapinzani wakae mita 5 mpaka autulize chini. Kama wawili wako chini yake na hujui nani alitangulia, wa timu iliyouinua ndiye ampishe mpinzani. Tangu 2022 kanuni zinaruhusu kuunasa mpira huo ndani ya mita 5 ikiwa uko nje ya upeo wa kuchezwa na mpokeaji na hakuna hatari. Kwa watoto, kubaliana na makocha kuwa msiitumie nafasi hiyo. Kosa la kumsogelea mpokeaji huadhibiwa pale lilipotokea.

Na gongo lililopanda juu ya bega? Hilo peke yake si kosa. Tangu 2015 mpira huruhusiwa kuchezwa kwa gongo juu ya bega, ila isiwe hatari. Usimtazame aliyeinua tu, tazama ni nani aliye ndani ya bembea yake. Kizazi hiki nacho kinatazama hoki ya barafu kwenye simu, na wengine huja wakidhani kumgonga mtu kwa bega ni sehemu ya mchezo. Kwenye hoki ya uwanjani ni kosa kwa umri wowote. Hata huko kwenye barafu, Marekani iliamua mwaka 2011 kuwaondolea watoto wa miaka 11 na 12 ruhusa ya kugongana.

Kuhusu mahali pa kusimama: waamuzi ni wawili, kila mmoja na nusu yake, wakikaa pande zinazopingana. Ukiwa kwenye mstari wa pembeni umeutazama uwanja, goli lako liko kuliani kwako, yaani uko upande wa kulia wa washambuliaji. Ukiukimbilia mpira katikati kama refa wa soka, utapigwa nao. Mpira ukiingia mita 23 za mwisho, ingia uwanjani hatua chache ukielekea kwenye dii, ili uone miguu na magongo kwa ubavu badala ya kuona migongo. Maamuzi ya ndani ya dii na mabao ni yako peke yako katika nusu yako. Mwenzako akiona jambo ambalo wewe umezibwa na watu usilione, anakuonyesha kwa ishara mliyopatana mapema, hapulizi.

Kona fupi ndiyo inayotaka subira. Usiruhusu ipigwe mpaka umehesabu: mabeki wasiozidi watano nyuma ya mstari wa goli pamoja na kipa, wengine wote nyuma ya mstari wa kati, na hakuna gongo, mkono wala mguu wa mshambuliaji unaogusa ndani ya dii. Anayeuingiza mpira awe na angalau mguu mmoja nje ya uwanja, mita 10 kutoka mlingoti wa karibu. Beki akichomoka mapema anapelekwa nyuma ya mstari wa kati, wala habadilishwi. Watoto wakiliona hilo mara moja hutulia. Mpira lazima utoke nje ya dii kwanza kabla ya bao kukubalika. Shuti la kwanza likiwa la kubembea, livuke mstari wa goli likiwa halijapita sentimita 46, ambacho ndicho kimo cha ule ubao wa ndani ya goli. Fliki inaweza kwenda juu zaidi mradi isiwe ya hatari. Kama goli lenu halina ubao, kama ilivyo viwanja vingi vya shule vinavyoazima goli la soka, funga utepe mwekundu kwenye milingoti kwa kimo hicho. Bila alama hiyo utakisia, na kukisia ndiko kunakozaa kelele. Mpira ukishatoka zaidi ya mita 5 nje ya dii, kona imekwisha na mchezo ni wa kawaida. Ule mstari wa vipande vipande umechorwa kwa ajili hiyo.

Kipenga chako pia kina lugha. Kosa dogo la mguu, kipenga kifupi. Hatari, kipenga kirefu na kikali, halafu mkono mmoja umelala kifuani kwa mshazari, ndiyo ishara yake. Ukivipuliza vyote kwa sauti moja, mtoto hajui kama ameteleza au ameponea chupuchupu. Kadi usizikimbilie: kijani ni dakika 2 nje, manjano si chini ya dakika 5, nyekundu ndiyo safari. Mtoto wa miaka 13 aliyebembea gongo ovyo mara ya pili baada ya kuonywa anastahili kijani, na akitoka umweleze kwa sentensi moja kwa nini. Kelele za pembeni simamisha saa, mwite nahodha na kocha wake, useme mara moja.

Kabla ya yote hayo pita ukikagua magongo kwa kidole gumba. Yaliyoazimwa mara nyingi huwa na vibanzi chini yanapogusa ardhi. Lenye ncha lifungwe tepu au liwekwe kando. Kinga za ugoko na za meno kanuni zinazipendekeza tu, lakini kwa watoto zifanyeni sharti. Kipa asiye na helmeti, gadi za miguu na viatu vya kipa asikae golini. Kama vifaa hakuna, timu zote zicheze bila kipa, na mashuti yote yawe ya chini. Kwa wa chini ya miaka 10 mpira wa tenisi unatosha. Una gramu chini ya 60.

Hoki ya shule huangukia muhula wa kwanza, yaani katikati ya kaskazi, wakati Mombasa inachemka. Robo za dakika 15 zinaweza kufupishwa kwa makubaliano: 10 zinatosha, na mapumziko ya dakika 2 yawe 4, kila mtoto anywe. Ratiba iwe saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Ramadhani ikiwa humohumo, wenye kufunga wacheze mechi za kwanza za asubuhi, na waulize makocha ni nani wamefunga ili wabadilishwe mara kwa mara.

Mtoto akiumia, vuka mikono juu ya kichwa kusimamisha saa. Kama hakukuwa na kosa, mchezo hurudi kwa buli, yaani wachezaji wawili, mmoja wa kila timu, hugonganisha magongo kisha wakaugombea mpira, karibu na ulipokuwa, lakini si ndani ya mita 15 kutoka mstari wa goli. Mwenye kutoka damu atoke. Aliyepigwa kichwani, akalalamika kizunguzungu, kutapika au kusahausahau, harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa, na mzazi aambiwe. Jino la ukubwani likitoka, lishikwe upande wa kutafunia, lisisuguliwe mzizi, litiwe ndani ya maziwa ya baridi na mtoto apelekwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. La utoto halirudishwi. Pakiti moja ya maziwa kutoka duka la jirani ikae kwenye boksi la barafu la maji ya kunywa tangu asubuhi.