Kwa nini kidaraja hutikisika tukikipita kwa miguu?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, Wete. Njia yetu hukatiza mikokoni juu ya kidaraja cha mbao, na watoto wakikipita pamoja huku wakiimba, mbao huruka chini ya miguu na kidaraja chote huyumba ubavuni. Je, ni uzito wao?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu wetu. Uzito haukosi kuchangia, lakini jambo kubwa ni wakati wa kukanyaga. Mtu hupiga hatua 2 hivi kwa sekunde, na kila daraja lina mtikisiko wake wa asili, yaani kasi yake lenyewe ya kutikisika linapoguswa. Hatua zikiwafikiana nao, kila moja huuongeza ule uliotangulia, kama pembea inayosukumwa kidogo kidogo kwa wakati wake. Wimbo ndio unaowalinganishia watoto hatua. Mwaka 1831 askari walipita kwa gwaride juu ya daraja la Broughton, karibu na Manchester, likaanguka, na baadaye jeshi la Uingereza likaamuru hatua za pamoja ziachwe darajani. Bolti moja ya daraja hilo ilikuwa na kasoro tangu awali, mtikisiko uliimalizia.

Kuyumba ubavuni ni jambo jingine, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Mguu wa kulia husukuma upande mmoja, wa kushoto upande wa pili. Daraja likishaanza kuyumba, mpitaji, kama aliyesimama ndani ya mashua inayolala huku na huku, hutanua miguu na kuifuata ile yumbo, na bila ya kukusudia huizidisha. Millennium Bridge, daraja la waendao kwa miguu huko London, ilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, ikafungwa siku 2 baadaye kwa sababu hiyo, ingawa waliopita walikuwa raia tu, si askari. Ilifunguliwa tena 2002, baada ya kutiwa vifaa vya kumeza mtikisiko. Anayejitwika ndoo ya maji hutia majani juu yake ili maji yasichupe. Kazi ya vifaa hivyo ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo, mwalimu, nyamazisheni wimbo mfikapo darajani, lakini msitosheke na hilo, kwani yumbo la ubavuni halihitaji wimbo. Wapitisheni watoto wachache wachache, na fundi aongeze miti ya mshazari baina ya nguzo. Kwanza azikague boriti pale maji yanapopanda na kushuka, maana hapo ndipo zinapoliwa, na misumari yote iliyolegea.