Kikundi cha maombi ya misheni kimebaki na watu sita: jibu kwa muuliza swali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ndugu aliyeanzisha uzi anasema amekabidhiwa maombi ya misheni katika kanisa lake la Kimennonite. Walianza watu 30, na baada ya miezi mitatu wamebaki sita. Anauliza Wamennonite kwingine wanaiombeaje misheni, na afanyeje kuwarudisha wale 24. La kwanza nitalijibu kwa urefu. La pili lifute tu, ndugu. Sita ndio kikundi. Wale 30 walikuwa mkutano.

Kuna mchangiaji hapo juu ametaja mkesha wa maombi uliodumu zaidi ya miaka 100. Huo ni wa Wamoravia, ulianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727. Wenzetu Wamoravia wa Mbeya na Tabora wana haki ya kujivunia, ila si wa kwetu. Mwanzo wetu sisi ni nyumbani kwa mtu, Zürich, Uswisi, 21 Januari 1525: watu wachache waliomba, kisha wakabatizana. Kabla miaka miwili haijatimia, mmoja wao, Felix Manz, alitoswa katika mto Limmat kwa sababu ya ubatizo huo. Ndiyo maana Jumapili iliyo karibu na 21 Januari makanisa yetu duniani huombeana. Kila mwaka bara moja huandaa maandiko, nyimbo na mahitaji ya maombi, na kila mshiriki huombwa atoe sadaka yenye thamani ya mlo mmoja wa mchana kwa bei za kwao. Tumieni mwongozo huo. Si lazima mtunge kila kitu wenyewe.

Mfano wa kujifunzia zaidi uko Ethiopia. Kanisa la Meserete Kristos, maana yake Kristo ndiye msingi (1 Wakorintho 3:11, andiko alilolipenda Menno Simons, ambaye jina letu limetokana naye), lilifungwa mwaka 1982 na Derg, serikali ya kijeshi ya Kikomunisti. Majengo yalichukuliwa, na viongozi kadhaa walikaa gerezani zaidi ya miaka minne. Washiriki wakati ule walikuwa kama 5,000. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1991 walikutwa wamepita 30,000. Katikati hapo hapakuwa na ibada ya wazi wala kipaza sauti. Walikutana majumbani, watu watano hadi saba, wakiimba kwa sauti ya chini, na kikundi kikijaa kinagawanyika. Kazi kubwa ya kuzunguka nyumba hadi nyumba ilibebwa na akina mama.

Tusidhani ni mateso peke yake yaliyoongeza watu. Kwenye watu sita hakuna mtazamaji. Asiyekuja anaonekana, asiyeomba anasikika kwa ukimya wake, na mwenye hitaji hawezi kujificha nyuma ya kwaya. Kwenye watu 30 wanaomba wanne, wengine wanaitikia amina, na baada ya wiki kadhaa wanaona amina hiyo wanaweza kuitikia hata wakiwa nyumbani. Hao ndio 24 wako.

Saa moja ya watu sita igaweni hivi. Dakika tano wimbo na kimya. Kumi, andiko moja lisomwe mara mbili polepole na watu wawili tofauti, bila mahubiri. Kumi za kutengeneza mambo baina yenu, yaani kuungama na kusameheana. Kumi za habari za watenda kazi wa misheni. Ishirini za kuomba, kila mtu hitaji moja kwa mara moja, sentensi tatu au nne, kisha mwingine apokee. Tano za mwisho mmoja aandike ujumbe kwa yule mliyemwombea. Mkichelewa kuanza, punguzeni habari, msipunguze maombi. Vikundi vingi hufia hapa: dakika 40 za kusimuliana barua, na kumi za kuomba huku watu wanaangalia saa.

Barua ya mmisionari isisomwe yote. Mtu mmoja aipitie siku moja kabla, atoe mahitaji matatu, ayaandike kwenye kadi: jina au herufi, hitaji, tarehe, na nafasi ya jibu. Hitaji liwe la kupimika. “Mwombeeni mtumishi huduma isonge” halina jibu. “Kibali cha kuishi kinaisha mwisho wa mwezi huu” lina jibu, hata kama jibu ni hapana, na hapana nayo iandikwe. Kadi iliyokaa miezi mitatu bila habari mpya itoeni, mwandikieni mhusika mumuulize. Angalieni na saa: aliye Thailand yuko saa nne mbele ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mkimpigia saa 1 jioni kwake ni saa 5 usiku. Tumeni sauti iliyorekodiwa, aisikilize asubuhi.

Zile dakika kumi za kutengeneza mambo ndizo wengi huziruka, na kwa Wamennonite wa Afrika Mashariki ni kosa kubwa. Misheni iliingia Shirati, mkoani Mara, Tanzania, mwaka 1934 kutoka Lancaster, Pennsylvania, na taratibu nyingi za mavazi na nidhamu. Agosti 1942 uamsho uliokuwa umetokea Rwanda na Uganda ukafika Shirati. Ulichobadilisha hasa ni nani anamwungamia nani: mzungu akamwomba Mwafrika msamaha mbele za watu, na Mwafrika akamwita ndugu. Bila hilo, sioni Zedekia Kisare angewezaje kusimama kama askofu wa kwanza Mwafrika mwaka 1967 na wamisionari wakamtii kwa moyo. Kutembea nuruni, yaani kuungama bila kuficha, ni sehemu ya misheni yenyewe, kama ilivyo kutawadhana miguu kwenye Meza ya Bwana.

Lakini kuungama kuwe na mipaka. Kila mtu aungame lake, asiungame la mwenzake kwa kisingizio cha “nilikwazwa na ndugu fulani kwa sababu yeye…”. Dhambi yenye mtu aliyeumizwa, hasa mtoto au ndoa, iende kwa mchungaji na mahali panapostahili kisheria, isimalizwe kwa machozi ya kikundi. Na asiyeungama leo asihesabiwe hajaokoka. Uamsho umeshapasua makanisa kwa hilo.

Usalama sasa. Mkimwombea mtu aliye katika nchi ambako kubadili dini ni hatari, kwenye kundi la WhatsApp pasiwepo jina lake, mji, picha wala habari ya ubatizo. Ujumbe ukishasambazwa haurudi. Andikeni “M., kaskazini” na mengine yasemwe kwa mdomo. Vivyo hivyo kwa waamini wapya wa pwani yetu: picha ya ubatizo inaweza kumfanya binti afukuzwe kwao usiku huohuo. Mwenyewe ndiye aseme lini ajulikane.

Fedha nazo zisiingie kikundini. Ombi la “tuombee paa la nyumba ya mtumishi” likirudi wiki tatu mfululizo limeshakuwa mchango. Lipelekwe kamati ya misheni, mwendelee kuomba.

Kwenye kila orodha wekeni jina la adui pia, la kweli: afisa anayezuia kibali, jirani aliyechoma kibanda cha ibada. Mathayo 5:44 kwetu si pambo. Nchi ikiwa vitani, ombeeni waliopigwa pande zote mbili, msiombe upande mmoja ushinde. Wageni kutoka madhehebu mengine watashangaa. Waelezeni kwa upole.

Kuhusu aliyesema kusoma sala iliyoandikwa si Kimennonite: wazee wetu wa Kijerumani walikuwa na kitabu chao cha sala tangu 1739. Someni, au ombeni kimoyomoyo, au pigeni magoti. Kelele za pamoja kwa watu sita ndizo nisizozishauri, maana hakuna anayesikia mwenzake anaomba nini ili aitikie.

Mkifika wanane, anzeni kumwandaa kiongozi wa pili: aongoze wiki mbili wewe ukiwepo, na wiki mbili usiwepo. Mkifika kumi gawanyikeni, watano kwa watano. Msigawe kwa ukoo wala kwa kabila, na mume na mke wakitaka vikundi tofauti waacheni. Kadi gawaneni pia, kila kikundi kichukue watenda kazi wake, na mara moja kwa mwezi mkutane wote mpeane majibu.

Ukianza na hao sita Jumatano hii, nenda na kadi tatu tu.